Ukurasa wa maktaba ya chuo una wafuasi lakini hakuna anayeuliza: tufanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Mbeya. Tulifungua kurasa za Facebook, Instagram na X. Tunaweka saa za kufungua, salamu za sikukuu na picha za wageni wanaotutembelea. Wafuasi wapo, lakini hakuna anayeuliza chochote, na ndani ya maktaba wanafunzi wanazidi kupungua. Sasa uongozi unataka tufungue na TikTok. Bajeti hatuna, tuko wachache, na habari za umeme na intaneti unazijua. Je, mitandao hii ina faida yoyote kwa maktaba ya chuo au tunapoteza muda? Kama ina faida, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mkutubi mwenzangu. Faida ipo, tena kubwa, ila TikTok isubiri. Kabla ya kuongeza mtandao wa nne, jiulizeni swali moja kuhusu hiyo mitatu mliyonayo: mwanafunzi akiandika kitu pale saa hii, ni nani kati yenu ataona, na atamjibu lini? Kama jibu ni "yeyote atakayeingia", basi hakuna anayeingia. Kurasa zenu zimekuwa kama kibanda cha soko la Mwanjelwa kilicho wazi tangu asubuhi bila muuzaji ndani. Wateja wanapita, wanachungulia, wanaendelea na safari.

Halafu angalia mnachokiweka. Salamu za sikukuu hazina swali ndani yake. Picha ya mgeni aliyetembelea maktaba inamfurahisha mgeni. Saa za kufungua mwanafunzi anazijua tangu wiki ya kwanza. Katika yote uliyoyataja sijaona hata kimoja kinachomsaidia mtu mwenye kazi ya kukusanya kesho, na huyo ndiye mnayemtafuta.

Huyo mtu anafanya nini akikwama? Tumfuate. Ni saa nne usiku, yuko gheto, ana bando kidogo. Hafungui Facebook ya maktaba. Anauliza kwenye grupu la WhatsApp la darasa. CR, yaani kiongozi wa darasa, anajibu anachokijua, mwingine anarusha PDF aliyoipata kusikojulikana, wa tatu anasema "nenda stesheneri kuna kitini cha mwaka jana". Asubuhi darasa zima limenunua kitini kile kile, makosa yake yakiwa ndani. Maktaba yenye vitabu na majarida ya kuaminika iko mita chache kutoka hapo, lakini kwenye mazungumzo yale haikuwepo. Kazi yenu ni kuwepo pale, kwa jina lenu, na mtu halisi wa kujibu.

Kwa hiyo anzieni WhatsApp, na kwa muda mzuri ishieni hapo hapo. Chukueni laini mpya iliyosajiliwa kwa jina la chuo. Isiwe laini ya mkutubi fulani. Mtumishi akihamia Songea au akistaafu, namba huondoka naye, na wanafunzi wanabaki wanampigia mtu aliyeko shambani. Wekeni programu ya WhatsApp Business, ile iliyotoka mwaka 2018. Ni ya bure na ina mambo ambayo dawati la marejeo, yaani la kujibu maswali ya wasomaji, linayahitaji hasa: ujumbe wa kupokea mgeni, ujumbe unaojituma wenyewe mkiwa mmefunga, majibu ya haraka mliyoyaandaa kwa maswali yanayojirudia, na lebo za kutenganisha mazungumzo, kwa mfano "limejibiwa", "anasubiri kitabu", "apelekwe kwa mkuu wa maktaba". Simu moja inaunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo kompyuta ya dawati la mbele na ya chumba cha marejeo zote zinaweza kujibu kwa namba ile ile.

Umeme ukikatika, simu yenye bando lake inaendelea kufanya kazi wakati seva ya chuo imelala. Kwa hali yetu ya masika hilo si jambo dogo. Ila kuna tahadhari ya likizo ndefu: simu mama isipotumika kwa siku 14, vile vifaa vilivyounganishwa hujitoa vyenyewe, na akaunti isiyotumika kabisa kwa siku 120 hufutwa. Msiifungie simu kwenye kabati wanafunzi wakienda likizo. Na wekeni ile namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, ijulikane na watu wawili, iandikwe na kufungiwa ofisini.

Sasa, grupu au chaneli? Hapa vyuo vingi vinakosea kwa haraka. Grupu likiwa na wanafunzi mia kadhaa, kila mmoja anaziona namba za wenzake wote. Wasichana hasa hupata taabu hiyo: siku mbili baada ya kuingizwa wanaanza kupokea ujumbe wa watu wasiowajua. Isitoshe, grupu la maktaba huwa uwanja wa matangazo ya vyumba vya kupanga na biashara za mtandaoni ndani ya wiki chache, na swali la kitabu linazama. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2023, ni bora kwa matangazo: wafuasi hawaoni namba za wenzao. Basi iwe hivi: chaneli ya kutangaza, namba ya kuulizia, na CR wa kila darasa awe ndiye anayechukua tangazo kulipeleka kwenye grupu lake. CR ni mtu muhimu kwenu kuliko wafuasi wote wa Instagram. Waiteni mwanzoni mwa muhula, wapeni chai, waonyesheni katalogi kwenye simu zao wenyewe. Hamna haja ya kuingia kwenye magrupu ya madarasa. Yale ni ya kwao.

Namba hiyo itafutiwe njia ya kufika mkononi mwa mwanafunzi bila kuandika tarakimu. WhatsApp inaruhusu kutengeneza linki inayofungua mazungumzo yakiwa na maneno yaliyokwisha kuandikwa. Ukiigeuza linki hiyo kuwa msimbo wa QR na kuuchapa kwenye karatasi ya kawaida, unaweza kuubandika kwenye rafu. Mahali ambapo vitabu vya takwimu vimekwisha, bandika msimbo unaofungua ujumbe "Nimekosa kitabu cha takwimu rafuni, naomba msaada". Mwanafunzi anabonyeza tu kutuma. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Nikae kidogo kwenye namna ya kujibu, kwa sababu hapa ndipo huduma nzima inaposimama au kuanguka. Tuseme anaandika: "Habari, naomba kitabu cha takwimu." Jibu la kizembe ni "Karibu maktaba" au "Angalia katalogi". Hatarudi tena. Wewe umesomea mahojiano ya marejeo, yaani kumuuliza msomaji mpaka ujue anachohitaji hasa. Yafanye yale yale, kwa maneno machache: "Salama. Ni kwa ajili ya mtihani au unachambua data za utafiti wako?" Anajibu kwamba ana dodoso za wakulima wa viazi mviringo wa Umalila na hajui aanzie wapi. Sasa umepata swali lenyewe, na halifanani na lile la kwanza. Unampa namba ya rafu ya kitabu kimoja, si vitano, na kumwambia nakala ngapi zipo ndani. Unampa sura ya kusoma. Unamkumbusha kwamba kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kiko jirani na kwamba viazi vya nyanda hizi vimeshafanyiwa kazi pale. Unamwonyesha kwamba kupitia AGORA, sehemu ya Research4Life (mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaalamu) inayosimamiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, chuo kilichosajiliwa kinapata majarida ya kilimo. Mazungumzo yote yanaweza kuchukua dakika kumi. Huyo atawaambia wenzake sita.

Na jibuni kwa Kiswahili. Najua lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza na kwamba baadhi ya wakubwa wanaona Kiswahili kinashusha hadhi ya ukurasa wa chuo. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanafunzi anayeona haya kuuliza kwa Kiingereza kibovu haulizi kabisa, na maktaba haikuwekwa ili imtahini. Akituma ujumbe wa sauti, msikilizeni na mjibu kwa sauti. Kwa asiyeona vizuri, au aliye ndani ya daladala, sauti ni bora kuliko maandishi. Akiandika kwa vifupisho vyao vya mtaani, asisahihishwe.

Kuhusu matangazo ya kwenye chaneli, yafuateni maisha ya muhula. Tarehe za kitaifa zina watu wengi wa kuzisemea. Kila kipindi kina njaa yake. Mwanzoni mwa mwaka ni wageni wasiojua hata kusoma namba ya mgongo wa kitabu. Katikati ni wa mwaka wa tatu wanaohangaika na mapitio ya maandiko. Wiki za UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, ni karatasi za mitihani iliyopita na nafasi za kukaa. Kisha fildi, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, kisha klirensi, pale anayeondoka anapothibitisha kwamba hadaiwi kitu. Linganisha "Maktaba inawakaribisha nyote" na hili: "Mnaokwenda fildi Chunya, Makete na Ludewa: kabla hujapanda basi, ongeza muda wa kitabu ulichoazima kupitia katalogi, hakikisha akaunti yako ya majarida inafunguka, na hifadhi namba hii. Ukikwama huko tuandikie, tutakutumia linki." La pili lina kazi ndani yake. Mtu akilisoma analifanya. Na akiwa Ludewa kweli, kilomita nyingi kutoka rafu zenu, ndipo atakapojua kwamba maktaba ni watu, hata jengo likiwa mbali.

Video nazo zina nafasi, lakini fupi na zenye faili dogo, maana bando la mwanafunzi ndilo linalolipa. Rekodini kioo cha simu mkionyesha jambo moja tu: namna ya kuongeza muda wa kitabu, au namna ya kutoka kwenye namba iliyoko katika katalogi mpaka kwenye rafu yenyewe. Chini ya dakika moja, sauti ya Kiswahili, bila muziki. Ziwekeni YouTube ili zikae mahali zinapotafutika, na linki ipite kwenye chaneli. Wakitokea wanafunzi wenu wenye kipaji cha TikTok wanaotaka kutengeneza zao kuhusu maktaba, wapeni ruhusa ya kurekodi na mtu wa kuhakiki yaliyosemwa. Hiyo ndiyo TikTok ninayoweza kuiunga mkono kwa sasa. Mkutubi mwenye digrii aliyeacha dawati ili acheze mbele ya kamera ni mkutubi aliyepotea.

Kuna huduma moja ambayo ningeianzisha hata kesho, na kwa mtazamo wangu itawaletea wanafunzi wengi kuliko tangazo lolote. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wakutubi wa vyuo wanapokea wanafunzi wanaotafuta makala ambazo hazipo. Programu hizi za akili unde zinaweza kuunda rejea nzuri kabisa: jina la mwandishi ni la mtu wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka unaonekana sawa, lakini makala yenyewe haikuandikwa na mtu yeyote. Mwanafunzi asiyejua anaiweka kwenye utafiti wake, msimamizi akiishtukia ni kesi ya udanganyifu. Tangazeni hivi: "Tuma rejea zako tano za kwanza, tutakuambia ipi ipo na ipi haipo." Ukaguzi ni rahisi kwa mkono uliozoea. Kama rejea ina DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, iwekeni doi.org muone inafungua makala ile au nyingine. Kama haina, tafuteni kichwa cha makala kwa ukamilifu wake kwenye Crossref, kanzidata ya makala zenye DOI, na kwenye Google Scholar, kisha fungueni toleo la jarida lenyewe muone kurasa zilizotajwa zina nini.

Lakini msiwe wepesi wa kuhukumu. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu, ripoti za wizara na majarida ya zamani ya Afrika Mashariki hayana DOI na mengine hayaonekani Google kabisa. Kukosekana mtandaoni si ushahidi kwamba rejea ni ya uongo. Hapo ndipo mnapompeleka AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998 na ambao sasa unaendeshwa kutoka Afrika Kusini, au kwenye hazina ya kidijitali ya chuo husika, au mnampigia mkutubi mwenzenu wa Iringa au Morogoro. Mkimfundisha mwanafunzi kufanya ukaguzi huu mwenyewe mara moja tu, mmempa kitu atakachokitumia hadi shahada ya uzamili.

Umenitajia kurasa za nje tu, hukuniambia kama mna Koha, programu ya kuendeshea katalogi na uazimaji wa vitabu. Maktaba nyingi za vyuo vikuu nchini zinaitumia. Ni programu huria iliyoanzishwa kwa ajili ya maktaba ndogo za Horowhenua, New Zealand, mwaka 1999. Kama mnayo, mnacho tayari chombo cha mazungumzo ambacho pengine hakijawashwa. Koha inamruhusu msomaji kupendekeza kitabu kinunuliwe, kuweka oda ya kilichoazimwa, kuongeza muda, kutengeneza orodha zake, hata kuandika maoni na kutoa nyota kwa kitabu. Washeni pendekezo la ununuzi kwanza. Uzuri wake ni kwamba hali ya pendekezo ikibadilika, limekubaliwa au limeagizwa, mfumo unaweza kumtumia aliyependekeza taarifa. Mwanafunzi anayepata ujumbe kwamba kitabu alichokiomba kimeagizwa anajua kuna mtu aliyemsikia. Hata jibu la "hapana, ni ghali, lakini tumepata toleo la mtandaoni" linamfanya aulize tena. Maoni na nyota yaacheni kwa baadaye, mpaka mpate mtu wa kuyapitia kabla hayajaonekana.

Kwa wanaofanya utafiti kwa vikundi, wafundisheni Zotero, programu ya kukusanya na kupanga rejea. Ni ya bure, ipo tangu 2006, na ina makundi ya pamoja: wanafunzi wanne wa mradi mmoja wanakusanya rejea sehemu moja na kila mmoja anaona alichoongeza mwenzake. Mhadhiri naye anaweza kuitumia kwa orodha ya usomaji wa kozi.

Sasa yale ambayo hayafanyiki hata siku moja, na hapa naomba nisikike vizuri. Kwanza, nywila ya Research4Life au ya majarida mnayoyapata kupitia COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, haiwekwi kwenye chaneli wala grupu. Kwa huruma tu mtu anaandika jina la mtumiaji na nywila pale ili "wote wafaidike", na ndani ya wiki inatumika na watu wasio wa chuo. Mchapishaji akiona upakuaji usio wa kawaida anaweza kufunga mlango wa chuo kizima, katikati ya msimu wa tasnifu. Nywila itolewe kwa anayeuliza, baada ya kuthibitisha ni wa chuo, na ibadilishwe mara kwa mara.

Pili, orodha za wadaiwa vitabu. Nimeona zikibandikwa kwenye magrupu wakati wa klirensi: majina, namba za usajili, kitabu, na kiasi cha faini. Hiyo ni aibu kwa mwanafunzi na ni kosa kwa maktaba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu na ninyi. Mwandikieni kila mdaiwa peke yake. Kitabu mtu alichokiazima ni siri kati yake na maktaba. Kuna mwanafunzi anayesoma kuhusu ugonjwa alionao, au kuhusu talaka ya wazazi wake.

Tatu, msiskani kitabu kizima na kukirusha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na maktaba ikionekana inaivunja hadharani haitakuwa na uso wa kumfundisha mwanafunzi maadili ya kunukuu. Toeni linki ya mahali halali kinapopatikana, au wekeni nakala dawatini ya kusomea humo humo maktabani.

Jambo jingine linalonisumbua kuhusu mitandao hii ni kwamba haina dhamana. Kulikuwa na Meebo, kisanduku cha mazungumzo ambacho maktaba nyingi za vyuo Marekani zilikiweka kwenye tovuti zao. Google ilikinunua Juni 2012 na mwezi uliofuata huduma ikafungwa, wakutubi wakabaki wanatafuta mbadala. Google+ nayo ilifungwa Aprili 2019 na kila kilichowekwa humo. Hapa kwetu, Mei 2025, mtandao wa X ulifungiwa, na taasisi iliyokuwa ikitegemea huko kutoa taarifa zake ilipoteza wasomaji wake kwa siku moja bila kosa lake. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike WhatsApp, lakini kinachotakiwa kudumu kikae kwenu: miongozo kwenye tovuti ya maktaba, tasnifu na machapisho ya wahadhiri kwenye DSpace, programu ya hazina ya kidijitali, kama chuo kinayo. Jibu zuri mlilompa mwanafunzi mmoja, likishaulizwa mara ya tatu, liandikeni vizuri na kuliweka kwenye tovuti, kisha linki yake iwe jibu la haraka.

Kuna matumizi mengine ambayo yananigusa zaidi kwa sababu ni ya nyanda zetu hizi. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake za zamani zaidi ya 3,000 kwenye mtandao wa Flickr na kuwaomba watu waseme wanachokijua: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani. Watu waliandika. Maelezo yaliyothibitishwa yaliingizwa kwenye katalogi ya maktaba ile. Hebu fikiria tukiifanya hapa. Kuna picha za migodi ya dhahabu ya Lupa, Chunya, ya miaka ya 1930. Kuna za ujenzi wa TAZARA kati ya 1970 na 1975, vibarua wa Makambako na Mbeya wakiwa na Wachina, majina yao hayakuandikwa popote. Wajukuu wao wapo vyuoni, na wazee wenyewe baadhi bado tunao. Hapa ule ukurasa wenu wa Facebook, ambao wazazi na wahitimu wapo, una kazi nzuri kuliko zote: weka picha moja kwa wiki ambayo chuo kina haki nayo, uliza swali moja, kisha mtu mmoja akusanye majibu, ayahakiki kwa kumpigia aliyejibu, na kuyaingiza kwenye rekodi ya picha. Msichapishe jina la mtu aliye hai bila ridhaa yake. Miaka mitano ya kazi ya namna hii inaipa maktaba ya Mbeya kitu ambacho watafiti hawawezi kukipata kwingine.

Umesema mko wachache. Najua, na ndiyo sababu nasema namba moja badala ya mitandao minne. Kinachotakiwa ni ratiba ya zamu iliyoandikwa na kusainiwa na mkuu wa maktaba: nani anashika simu asubuhi, nani mchana, nani Jumamosi wakati wa UE. Kujibu WhatsApp kuhesabike kuwa ni dawati, kusionekane kuwa ni mtu anachezea simu kazini. Bila hilo kuandikwa, mkutubi mwenye bidii ataitwa mvivu na ataacha. Ahidini jibu ndani ya saa mbili za kazi, na ujumbe wa usiku useme wazi kwamba mtajibu saa mbili asubuhi. Usiahidi saa 24. Mkiwa na wanafunzi wasaidizi, wajibu maswali ya saa na rafu. Ya utafiti yapelekwe kwa mkutubi.

Na hesabuni. Laiki ziacheni. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, swali kwa kifupi, mwaka wa masomo wa muulizaji, lilijibiwa au la. Bila majina. Mwisho wa muhula mtaona vitabu vinavyoulizwa na hamna, kozi ambazo hazijawahi kuuliza hata mara moja, na saa ambazo maswali huja. Hiyo ndiyo karatasi ya kupeleka kwenye kamati ya maktaba mnapoomba fedha. Mkuu wa chuo anaweza kupuuza idadi ya wafuasi, lakini hawezi kupuuza kirahisi orodha ya vitabu ambavyo wanafunzi wake waliulizia na kukosa.

Kwa uongozi, basi, omba vitu vitatu: laini ya chuo, simu moja ya kawaida yenye bando la kila mwezi, na ile ratiba ya zamu kwa maandishi. Waambie TikTok itajadiliwa baada ya muhula mmoja, mkiwa na daftari mkononi. Instagram na X msizifute, maana mtu mwingine anaweza kulichukua jina lenu. Wekeni ujumbe mmoja juu kabisa unaosema "Kwa maswali tuandikie WhatsApp" pamoja na namba. Na namba hiyo hiyo ibandikeni kwenye mlango wa nje wa maktaba, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya anayefika mmeshafunga.